Nomino Inayodakia: Kwa Nini Kitenzi cha Kiingereza Hukosea Bwana Wake

Mwalimu wa Kiingereza katika sekondari moja wilayani Kasulu ametuandikia akilalamika. Wanafunzi wake wa kidato cha tatu wanaijua kanuni ya umoja na wingi na wakiulizwa wanaitaja bila kusita, lakini wakiandika insha inatoka hivi: "The list of names are on the wall." Anaamini Kiha, lugha yao ya nyumbani, ndicho kinachowaharibia, anaomba dawa.

Dawa ipo, na imo ndani ya Kiha hicho hicho anachokilaumu. Ila lawama yenyewe tuiondoe kwanza.

Kanuni za "is" na "are" zimo katika kila kitabu cha darasa, kwa hiyo sitazirudia. Jambo la kusisimua zaidi ni kwamba Waingereza na Wamarekani nao huanguka kwenye shimo lile lile. Mwaka 1991 watafiti wawili wa saikolojia ya lugha nchini Marekani, Kathryn Bock na Carol Miller, walichapisha majaribio ambayo wanaisimu wanayataja hadi leo. Waliwapa wazawa wa Kiingereza mwanzo wa sentensi, mfano "The key to the cabinets", wakawaomba waurudie na kuumalizia. Ufunguo ni mmoja na makabati ni mengi, kwa hiyo kitenzi kinapaswa kuwa "is". Baadhi wakasema "are". Ukigeuza, "The keys to the cabinet", kosa hupungua sana. Maana yake, wingi ulio karibu na kitenzi una nguvu ya kukivuta, na umoja ulio karibu hauna nguvu hiyo. Wanafunzi wa Kasulu wanakosea kwa mpangilio ule ule. Kosa hilo halikuzaliwa Buha, nchi ya Waha.

Jambo hili la kitenzi kuvutwa na jirani linahitaji jina la Kiswahili. "Mvuto wa upatanisho" ni jina zito, tena linanukia maabara ya sumaku. Mimi napendekeza *udakizi*. Mtu anayejibu swali asiloulizwa tunasema amedakia, na ndivyo "names" inavyofanya: kitenzi kinamwita "list", nomino ya jirani inadakia.

Inawezaje kudakia? Fikiria basi linalotoka Kibondo kwenda Kasulu na magunia juu ya keria. Konda wa Kiingereza anaandika jina la mwenye mzigo kwenye gunia la kwanza tu. Kamba inayofunga gunia la kwanza na la pili haina alama yoyote. Hiyo ndiyo "of" au "to", vihusishi visivyobadilika hata kidogo, uwe unasema juu ya gunia moja au mia. Njia nzima, kupitia Makere, jina linabaki kichwani mwa konda. Basi likifika stendi ya Kasulu, abiria aliyesimama karibu na mlango anapaza sauti: "Wangu huo!" Sauti yake ni ile -s ya wingi, kwa sababu Kiingereza huweka alama kwenye wingi na kuuacha umoja mtupu. Konda aliyechoka anamkabidhi mzigo. Konda wa Kibantu hafanyi hivyo. Anaandika jina kwenye gunia, kwenye kamba, kwenye kila kinachofuata, na akishushwa njiani mwingine akapanda, huyo mgeni atasoma tu.

Tazama kamba hiyo ilivyo. *Gunia la maharage limeanguka. Magunia ya maharage yameanguka.* Ile *la* inaonekana kuunganisha maneno mawili tu, lakini imebeba jina la gunia: *li-* imo ndani yake, imekutana na *-a*. Sarufi zetu zinaiita a-unganifu. Inavuka nomino ya pili ikiwa na alama ya nomino ya kwanza, kisha alama hiyo inachomoza tena kwenye kitenzi: *limeanguka*. Ukiendelea, inaingia hata katikati ya kitenzi mahali pa kiwakilishi: gunia *nimelipakia*, magunia *nimeyapakia*. Kiingereza kina "them" moja kwa magunia, walimu na mbuzi. Sisi tuna *ya*, *wa*, *zi*, *vi* na wenzao, na kila kimoja kinatuambia kinarejelea nini. Ninaporudia kuutazama mfumo huu huwa nauona kuwa miongoni mwa kazi safi kabisa zilizowahi kufanywa na akili ya binadamu.

Kiha kinaufuata mfumo huo huo, na wenyeji wa Kibondo na Kasulu wanauishi hata kwenye jina lao: Umuha ni mtu mmoja, Abaha ni watu, Giha ni lugha, Buha ni nchi. Mzizi ni mmoja, ngeli zinabadilika. Lotta Harjula, mwanaisimu kutoka Finland, alichapisha sarufi ya lugha hii mwaka 2004, na wanaisimu wanaiweka kundi moja na Kirundi na Kinyarwanda. Hata wakimbizi waliopokelewa katika kambi za Nduta na Nyarugusu, wenye Kirundi, Kibembe na Kiswahili cha Kongo, wanatumia upatanisho wa aina hii.

Hata hivyo, udakizi kwetu pia upo, hasa pale watu wanapohusika: "idadi kubwa ya watu wamejitokeza" husikika kila wiki redioni. Lakini "kikapu cha maembe yameanguka" sikio linakikataa papo hapo.

Basi, mwalimu, fanya hivi. Mwanafunzi akifika kwenye kitenzi cha Kiingereza asitazame neno lililo karibu. Aitamke sentensi kwa Kiha au kwa Kiswahili, asikilize kitenzi kinaanza na alama ya nani. "The key to the cabinets": *ufunguo wa makabati umepotea*. Ni *u-* ya ufunguo, umoja, kwa hiyo "is". "The leaders of the village": *viongozi wa kijiji wamefika*, ni wengi, kwa hiyo "have". Zoezi hili halihitaji kitabu wala umeme, na mtoto wa Kibondo au wa Kasulu amekuwa akilifanya tangu alipoanza kusema. Kama mnawaadhibu watoto kwa kuzungumza Kiha darasani, acheni. Kitumieni kufundishia Kiingereza.