Kabla Gari Halijafika: Nyumba Unaiachaje?

Mwezi huu tunaongea juu ya jambo ambalo wengi hulikumbuka wakati gari la safari limekwisha fika: nyumba.

Nyumba ya kambini ni kama ya kupanga, ila hatulipi kodi ya mwezi. Matofali tumefyatua wenyewe, lakini kiwanja ni cha nchi iliyotupokea. Familia ikipata safari, iwe ya kurudi nyumbani au ya kuhamia kambi nyingine kama wenzetu wa Lugufu walivyoletwa hapa Nyarugusu mwaka 2009, nyumba inabaki nyuma. Je, inabaki katika hali gani, na mkononi mwa nani?

Kwanza, usiiuze. Tunajua neno hili linauma, maana mtu ametoa jasho lake na njiani pesa inahitajika. Lakini tumekwisha kuona: baba amepokea pesa ya jirani, huku mama amemwahidi mdogo wake. Gari linaondoka, familia mbili zinakutana mlangoni na mizigo kichwani. Sungusungu wanaitwa, watoto wanalia, na aliyetoa pesa hana karatasi wala nyumba. Atamdai nani, na muuzaji yuko mbali? Kwa hiyo ukishajua tarehe, mwone kiongozi wa kijiji. Kama una ndugu aliyebanana, mwombee mapema mbele ya mashahidi. Usimpe mtu ufunguo kwa siri.

Pili, angalia mashimo. Pale ulipochimba udongo wa matofali, mvua ikinyesha maji yanatuama. Yai la mbu likishatagwa humo, wiki moja hadi mbili tu mbu ameruka. Malaria hiyo itawapata watoto wa jirani. Chukua jembe, fukia. Kama umeambiwa nyumba ibomolewe, udongo wa kuta unatosha kujaza shimo.

Tatu, choo. Kama uchafu umebakiza nusu mita kufika juu, choo hicho kimekwisha. Kifukie kwa udongo, ushindilie, weka alama ili mwingine asije akachimba hapo hapo. Kama bado kinafaa, kioshe na ukifunike. Usiache shimo wazi: mtoto anaweza kutumbukia.

Nne, ndani. Papasi hujificha kwenye nyufa za ukuta na sakafu ya udongo. Usiku hutoka kunyonya damu, na huleta homa ya papasi. Mdudu huyu anaweza kukaa muda mrefu sana bila kula, akimsubiri mgeni. Basi kandika nyufa zote, mwagia sakafu maji, fagia vumbi, maana hata funza hupenda vumbi. Jivu usilimwage mlangoni kama bado lina moto. Nyumba nyingi ni za nyasi, jamani!

Kabla ya kung'oa mlango, bati au shitingi, uliza ofisini kipi ni chako na kipi ulipewa. Kung'oa kwa haraka kunabomoa ukuta, na anayeingia ataanza upya.

Mwisho ni majirani. Rudisha sufuria ya watu, lipa deni la dukani. Mihogo ambayo haijakomaa, sema wazi mbele ya watu nani ataivuna, la sivyo itazua ugomvi mwingine. Siku ya mwisho mwite kiongozi na majirani wawili, mzunguke pamoja: chumba, jiko, choo, shamba. Kisha kabidhi ufunguo hapo hapo.

Kazi yote hii si zaidi ya siku mbili au tatu. Na huko uendako, huenda nawe utaingia katika nyumba iliyoachwa na mtu usiyemjua. Ungependa uikute vipi? Wazee walisema, wema hauozi.