Uchafu wa Ukeni Unaorudi Tena na Tena

Akina mama wa vikundi, jambo hili huulizwa kwa kunong'ona baada ya mkutano kwisha. Mama ametumia dawa, akapata nafuu wiki mbili, kisha muwasho na uchafu vimerudi. Akipimwa anaambiwa "hakuna kitu". Hapo ndipo watu wa nyumba moja huanza kusutana: ni nani ameleta ugonjwa? Basi tulieleze waziwazi, na akina baba nao wasome.

Kwanza, ute wa ukeni peke yake si ugonjwa. Kila mwanamke anao, nao hubadilika kufuatana na siku za mwezi. Shida ni pale unapobadilika rangi au harufu, au unapoleta muwasho. Fangasi huwasha sana na kuleta uchafu mweupe, mzito kama maziwa ya mgando. Uchafu mwepesi wa kijivu wenye harufu ya samaki mara nyingi hutokana na kuvurugika kwa vijidudu vya uke: vile vizuri, vinavyotengeneza asidi ya kuulinda, vimepungua na vingine vimezidi. Halafu iko trikomonasi, ambayo huambukizwa kwa kujamiiana. Dalili hizi hufanana, lakini dawa ni mbalimbali. Klotrimazoli ya fangasi haiondoi ile harufu ya samaki, na metronidazoli haiui fangasi. Kuazima vidonge vya jirani ni kubahatisha tu.

Sasa vipimo. Dispensari isiyo na maabara hutibu kwa kufuata dalili. Huo si uzembe, ni mwongozo. Kwenye maabara nako kuna mitego. Trikomonasi hutambulika chini ya darubini kwa jinsi inavyocheza. Sampuli ikicheleweshwa, kijidudu hutulia na hakionekani. Hata ikipimwa upesi, karibu nusu ya wagonjwa wanaweza kukosekana. Fangasi ni kinyume: wako wanawake wazima kabisa wanaoonekana nayo bila shida yoyote. Kwa hivyo "hakuna kitu" maana yake ni kwamba hakikuonekana leo. Kabla ya kupimwa usitumie dawa ya kuingiza ukeni, na umwambie mhudumu dawa zote ulizokwisha kutumia.

Kwa nini hurudi? Wengine huacha dawa wakipata nafuu. Wengine hujiosha ndani kwa sabuni, ndimu au shabu, na hayo huua vile vijidudu vizuri. Maji matupu, nje tu, yanatosha. Fangasi ikirudi mara 3 au zaidi kwa mwaka, omba upimwe sukari na virusi vya ukimwi.

Mume naye? Kwa trikomonasi, wote wawili watibiwe pamoja, maana mwanamume mara nyingi haoni dalili. Kwa uchafu wa harufu ya samaki, zamani alitibiwa mke peke yake. Mwaka 2025 ulichapishwa utafiti wa Australia: waume walipotibiwa pia, shida ilirudi ndani ya wiki 12 kwa wanawake 35 katika kila 100, badala ya 63. Lakini hakuna kipimo kinachosema nani alianza. Trikomonasi yaweza kukaa mwilini miezi mingi kimyakimya.

Sisi wa Pwani tuna jingine ambalo hata wahudumu husahau: kichocho. Mayai yake hayaishii kwenye kibofu. Hukwama pia ukeni na kwenye shingo ya kizazi, yakaleta uchafu, maumivu na damu, na pengine mkojo ukipimwa hayaonekani. Kama umewahi kuoga, kufua au kuchota maji kwenye bwawa au mto (bahari haina kichocho), litaje bila kuulizwa. Dawa yake ni prazikwanteli.

Mama mjamzito mwenye uchafu huu, au mwenye homa na maumivu ya tumbo la chini, au anayetokwa na damu baada ya tendo la ndoa au baada ya kukoma hedhi, asihangaike na maduka ya dawa. Aende hospitali ya kaunti pale Kilifi, na huyo wa damu aombe shingo ya kizazi ichunguzwe.