Nani analipia matembezi ya bure ya Kinder Scout?

Ukishuka treni kwenye stesheni ndogo ya Edale, katikati ya Manchester na Sheffield, hukuti geti wala karani wa tiketi. Unapita kijijini, unasukuma kilango cha mbao cha kuzuia kondoo, unaanza kupanda. Kinder Scout, kilima kirefu kuliko vyote katika Hifadhi ya Taifa ya Peak District, kina mita 636 tu juu ya usawa wa bahari. Moshi mjini kwenyewe ni juu zaidi ya hapo, kwa hiyo Mchagga ana haki ya kucheka. Ila kiingilio ni sifuri, ilhali mgeni kutoka ng'ambo anayepanda Kilimanjaro hulipa hifadhi dola 70 kwa kila siku anayokaa mlimani, kabla ya kodi, kambi, mpagazi na mpishi.

Sifuri hiyo inadanganya. Kuna wanaolipa, ila si pale mlangoni.

Tuanze na bili ndogo kuliko zote, ya mtembeaji mwenyewe. Yeye hulipa kwa saa na magoti. Mwaka 1892 Mskoti William Naismith alitoa kanuni ambayo watu wa milimani wanaitumia hadi leo: saa 1 kwa kila kilomita 5, ongeza saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Mzunguko wa kutoka Edale kupitia ngazi ya mawe iitwayo Jacob's Ladder hadi juu, kisha kurudi, ni takribani kilomita 15 na mita 400 za kupanda. Kwa hesabu ya Naismith ni saa 3 na dakika 40. Hesabu hiyo haina chai, haina ukungu wala tope la kumeza kiatu, basi mtu mwenye busara hutenga saa 5 au 6. Umbali wa karibu sawa na huo, kilomita 16, unaweza kuutembea bondeni ukizunguka mabwawa ya Derwent na Howden, njia ikiwa tambarare kiasi kwamba bibi na mjukuu wanakwenda pamoja. Tofauti ya matembezi hayo mawili haiko kwenye kilomita.

Ukipotea huko juu, zipo timu 7 za uokoaji katika eneo la Peak District. Hao ni watu wenye kazi zao, mwalimu, fundi, nesi, wanaoacha chakula mezani kwenda kukutafuta gizani. Hawakudai hata senti.

Mabwawa yale ya bondeni nayo yana bei yake. Mwanzoni mwa karne ya 20 miji ya Sheffield, Derby, Nottingham na Leicester ilikuwa na kiu, na bonde la Derwent lilikuwa na mvua. Ukuta wa Howden ulijengwa kuanzia 1901 hadi 1912, wa Derwent ukakamilika 1916. Zaidi ya tani milioni 1 za mawe zilichimbwa na kuletwa kwa reli iliyojengwa kwa kazi hiyo. Vibarua na familia zao, watu wapatao 900, waliishi katika kijiji cha mabati kilichokuwa na shule na hospitali yake, kikaja kubomolewa kazi ilipokwisha. Kisha likaja la tatu na kubwa zaidi, Ladybower, lililofunguliwa rasmi na Mfalme George VI mwezi Septemba 1945. Hilo lilizamisha vijiji viwili, Ashopton na Derwent. Hata waliolala makaburini walihamishwa.

Yote matatu yakijaa yanabeba takribani mita za ujazo milioni 46 za maji. Ndakaini, lile bwawa la Murang'a linalowanywesha wakazi wa Nairobi, peke yake hubeba milioni 70. Kwa ukubwa, basi, Waingereza hawana cha kututambia. Cha ajabu ni kwamba mandhari inayopigwa picha na kila mgeni kama "asili safi" ni mtambo wa maji wa umri wa miaka mia na ushei, uliolipiwa na wenye bili za maji wa miji minne. Njia zinazozunguka mabwawa zinapita mahali palipokuwa na reli ya wajenzi na mashamba ya watu. Ukame ulipokausha Ladybower mwaka 2018, magofu ya Derwent yalijitokeza, na watu wakafurika kuyaangalia kama wanaotembelea kaburi la ndugu wasiyemjua.

Haki ya kupita huko juu ililipiwa kwa namna nyingine. Tarehe 24 Aprili 1932 vijana wapatao 400, wengi wao wafanyakazi na wasio na kazi kutoka Manchester, waliingia Kinder Scout bila ruhusa. Nyika ile ilikuwa mali ya matajiri waliofuga humo ndege wa jamii ya kwale kwa ajili ya kuwinda siku chache kwa mwaka, na walinzi walisimama na fimbo. Kiongozi wa vijana hao, Benny Rothman, alikuwa na umri wa miaka 20. Vijana 5 walifungwa, kifungo cha miezi 2 hadi 6 kila mmoja. Sheria ya hifadhi za taifa ilikuja 1949, na Peak District ikawa ya kwanza nchini mwaka 1951. Haki ya kutembea huru kwenye nyika na milima ilisubiri sheria ya mwaka 2000, na hata hiyo inagusa takribani asilimia 8 tu ya ardhi ya England. Miaka 68, asilimia 8. Kwingine kote ni kufuata njia iliyochorwa kwenye ramani.

Hifadhi hii haifanani na Serengeti. Ina kilomita za mraba 1,438, na ndani yake wanaishi watu zaidi ya 35,000, wana mashamba, shule, baa na barabara kuu. Geti ungeliweka wapi? Ndiyo maana hakuna kiingilio, hata mtu angetamani kukitoza. Serikali hutoa ruzuku, ambayo kwa miaka kadhaa ilisimama kwenye pauni milioni 6.7 hivi kwa mwaka. Makadirio ya wanaoitembelea ni milioni 13 kwa mwaka. Gawanya: kama senti 50 za pauni kwa kila ziara. Bei ya kikombe cha chai pale Edale ni zaidi ya hiyo.

Na fedha hiyo inapambana na nini? Inapambana na mboji. Juu ya vilima hivi kuna tabaka la udongo mweusi wa mimea iliyokufa, isiyooza sawasawa kwa sababu imeloa maji mwaka mzima. Hujijenga kwa takribani milimita 1 kwa mwaka. Fanya hesabu hii ukiwa umesimama juu yake: shimo la sentimita 10 lililochimbwa na viatu vya wiki chache za mvua ni kazi ya miaka 100. Ukikuta mfereji wa mita 2, unatazama miaka 2,000. Mboji ya Uingereza yote imeshikilia zaidi ya tani bilioni 3 za kaboni, na ikikauka huitoa. Ikimomonyoka huingia kwenye mabwawa yale yale na kuyageuza maji rangi ya chai ya rangi, nayo kampuni ya maji hulipa kuyasafisha. Ikishika moto ndiyo balaa, kwa sababu huungua kwa chini. Aprili 2019, kaskazini kidogo ya hapa, nyika ya Marsden Moor iliungua hekta 700, hasara ya pauni 500,000 kwa shirika linaloimiliki. Ukichukua ile senti 50 kwa kila ziara, moto mmoja ulimeza mgawo wa ziara milioni moja.

Viatu vyenyewe havina nia mbaya. Njia ndefu ya Pennine Way, kilomita 431 kutoka Edale hadi Kirk Yetholm nchini Scotland, ilifunguliwa 1965. Kila aliyefika kwenye tope alikanyaga pembeni ya aliyemtangulia, wa nyuma yake akakanyaga pembeni zaidi, mpaka njia ya mtu mmoja ikawa na upana wa barabara ya lori. Dawa iliyopatikana ni mabamba ya mawe, yakabebwa na helikopta na kupangwa moja moja juu ya mboji. Mengi yalitoka viwanda vya pamba vya Lancashire vilivyofungwa: ni sakafu walizosimama juu yake wafanyakazi, aina ya watu waliokuwa wakifukuzwa kwenye nyika hii. Baadhi bado yana matundu ya skrubu zilizoshikilia mashine. Siku ya mvua matundu hayo hujaa maji, na mtembeaji huyaruka.