Magoti ya Wazee Wetu: Tiba na Swala ya Kiti



Ndugu Waislamu, tunaulizwa mara kwa mara, hasa na kina mama, juu ya hukumu ya kuswali kitini. Muulizaji huanza kwa haya, kwa kuwa ameambiwa nyumbani kwamba swala ya kiti ina nusu ya thawabu. Tukimdodosa, tunakuta jambo lile lile: goti. Asubuhi limekakamaa, ngazi hazipandiki, na akisujudu hana wa kumwinua. Tumeona basi tuyaeleze maradhi yenyewe kwanza, kwani fatwa isiyoujua ugonjwa ni jawabu pungufu.

Wengi wetu huita kila maumivu ya viungo baridi yabisi. Haya ni mengine, nayo madaktari huyaita osteoathraitisi. Ncha za mifupa gotini zimefunikwa na gegedu laini. Kwa miaka mingi gegedu hilo huchakaa, mfupa huota vinundu, na goti huvimba. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 528 duniani walikuwa na maradhi haya, kiasi cha asilimia 60 wakiwa wanawake, na goti ndilo linaloathirika zaidi. Umri, uzito, jeraha la zamani na kazi za kuchuchumaa huyaleta. Si sihiri wala upepo mbaya.

Mabedui walipomuuliza Mtume (S.A.W.) iwapo watafute tiba, aliwaamrisha watafute, akawajulisha kuwa kila ugonjwa una dawa isipokuwa mmoja, nao ni uzee. Wameipokea hadithi hii Abu Daud na Tirmidhi. Wenye magoti wana fungu katika pande zake zote mbili. Hadi leo haijulikani dawa ya kulirejesha gegedu lililokwisha, na anayeuza chupa kwa ahadi hiyo anauza uongo, hata akiibandika jina la tiba ya Sunna. Lakini maumivu yanatibika.

Tiba ya kwanza ni mazoezi, na hapa ndipo wazee wetu hubisha. Goti likipumzishwa moja kwa moja, msuli wa mbele wa paja hulegea, na msuli huo ndio mhimili wake. Kaa kitini, nyoosha mguu, ushikilie ukihesabu hadi 5, kisha ushushe. Rudia mara 10, kila siku. Ama uzito, utafiti umeonesha kuwa kila kilo 1 inayopungua mwilini hulipunguzia goti mzigo wa kiasi cha kilo 4 kwa kila hatua. Tunalisema hili tukizijua sinia zetu za futari. Bakora ishikwe kwa mkono wa upande wa goti zima. Na kijana mwenye uwezo amwekee mama yake choo cha kukaa kabla ya kumnunulia baibui la Idi.

Katika dawa, jeli ya diklofenaki ya kupaka ni bora kuanza nayo. Vidonge vyake, na vya ibuprofeni, vikimezwa miezi kwa miezi huleta vidonda vya tumbo, hudhuru figo na kupandisha shinikizo la damu. Tuache desturi ya kumtuma mtoto duka la dawa akalete vile vya juzi. Sindano ya gotini hutuliza kwa wiki kadhaa tu. Goti likishindikana kabisa kuna upasuaji wa kuweka goti bandia, unaofanyika hata hapa nchini katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019 ulionesha kuwa kiasi cha asilimia 82 ya magoti hayo hudumu miaka 25.

Tuje kwenye swala. Imran bin Huswain (R.A.) alikuwa na bawasiri, akamuuliza Mtume (S.A.W.). Akaelekezwa aswali kwa kusimama, asipoweza kwa kukaa, na asipoweza kwa ubavu. Imo katika Bukhari. Katika madhehebu yetu ya Shafii, kushindwa nguzo moja hakuondoi nyingine. Anayeweza kusimama asimame kwa takbira na Fatiha, kisha akae kwa kile asichokiweza, na kuinama kwake kwa sijda kuzidi kuinama kwa rukuu. Wahanafi wamelegeza katika kusimama kwa asiyeweza kusujudu, na hatumkemei anayewafuata. Ile nusu ya thawabu ni ya anayekaa katika swala ya sunna ilhali anaweza kusimama. Mgonjwa huandikiwa yale aliyokuwa akiyatenda akiwa mzima, kama ilivyothibiti pia katika Bukhari. Basi anayemtupia jicho mzee wa kiti msikitini na ampishe njia.

Hija nayo ina wasaa. Ummu Salama (R.A.) alipokuwa mgonjwa, Mtume (S.A.W.) alimwelekeza atufu akiwa juu ya mnyama, nyuma ya watu. Saayi, kwa safari zake saba baina ya Safa na Marwa, ni kiasi cha kilomita 3, na viti vya magurudumu vipo. Mwenye goti bovu amweleze kiongozi wa msafara wake kabla ya kuondoka, asisubiri mpaka afike Makka.