Kufundisha Utabiri wa Tsunami kwa Kopo la Maji

Mwalimu mwanachuo anayekwenda kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule za Kinondoni au Temeke atawakuta watoto waijuao bahari. Mtoto wa Tandale au wa Mbagala huingoja sikukuu ili akaogelee. Tarehe 26 Desemba 2004, saa 9:58 usiku kwa saa za kwetu, ardhi ilitetemeka chini ya bahari karibu na Sumatra, Indonesia. Mawimbi yalitufikia mchana wake. Watu wasiopungua 10 walifariki nchini Tanzania, miongoni mwao watoto waliokuwa wakiogelea. Wanafunzi watauliza: mbona hatukuonywa? Swali hilo ndilo kiini cha somo.

Tuanze na hesabu. Mwendo wa tsunami hutegemea kina cha bahari. Twaa kina kwa mita, zidisha kwa 10, kisha tafuta kipeuo cha pili. Kina kikiwa mita 4,000, tunapata mita 200 kwa sekunde, yaani kilomita 720 kwa saa. Kutoka Sumatra hadi Dar es Salaam ni kadiri ya kilomita 6,400. Safari ya saa tisa hivi. Muda wa kuonya ulikuwapo. Kilichokosekana ni vyombo vya kulipima wimbi likiwa bado mbali, na njia ya kufikisha habari ufukweni.

Kulipima si kazi ya macho. Mwaka ule setilaiti iliyopita juu ya Bahari ya Hindi ilikuta wimbi la kadiri ya sentimeta 60 tu. Hata nahodha asingeliona. Kwa sababu hiyo kipimio huwekwa kwenye sakafu ya bahari. Mawimbi ya upepo huishia karibu na uso wa maji, bali tsunami husukuma maji yote, toka juu hadi chini. Maji yakiinuka, uzito unaokielemea kipimio huongezeka. Kujaa na kupwa kwa maji hujulikana mapema, hivyo hutolewa katika hesabu. Kipimio hupeleka habari kwa sauti hadi kwenye boya linaloelea juu, boya huipeleka kwenye setilaiti, nayo huishusha kituoni. Hapo kompyuta hulinganisha vipimo na mifano iliyokwisha kukokotolewa, na kukadiria saa na kimo cha wimbi kwa kila pwani.

Zana za somo ni kopo refu, msumari, maji, kigoda na khanga.

1. Toboa tundu moja karibu na kitako cha kopo, uliweke juu ya kigoda.
2. Jaza maji hadi nusu. Mwanafunzi mmoja aendelee kumimina polepole ili kimo kisishuke. Sisi tulipojaribu mara ya kwanza tulisahau jambo hili, na jaribio likaharibika.
3. Wengine wachore alama mahali maji yanapoangukia.
4. Funika sehemu ya juu kwa khanga, kisha mmiminaji aongeze maji kwa siri.

Maji yataruka mbele ya alama. Darasa litajua kwamba kimo kimepanda, ingawa hakuna aliyeuona uso wa maji. Usitoe maelezo kabla wanafunzi hawajayasema wenyewe.

Thailand iliweka boya la namna hii katika Bahari ya Hindi mwaka 2006. Tangu 2011 vituo vya Australia, India na Indonesia hutoa tahadhari kwa nchi zinazopakana na bahari hii. Kwetu, Mamlaka ya Hali ya Hewa ndiyo inayozipokea.

Hata hivyo, boya halimwiti mtoto atoke majini. Mwaka 2004 nchini Kenya polisi waliwaondoa watu fukweni, na akafariki mtu mmoja. Kwa hiyo tusifunge somo kabla kila mwanafunzi hajaweza kueleza haya: akisikia tahadhari, akihisi ardhi ikitetemeka kwa nguvu au kwa muda mrefu akiwa pwani, au akiona maji yakipwa ghafula wakati usio wake, asiende kuokota samaki. Akimbilie mwinuko, awaite na wenzake.