Thomas Paine na Roho ya Mfalme

Muhula uliopita, katika chama chetu cha majadiliano, mwanafunzi mmoja alisimama akapinga neno moja lililosemwa na upande wake mwenyewe. Wenzake walimzomea, wakamwita msaliti. Mimi niliyekuwa mwenyekiti jioni ile nilimkumbuka Thomas Paine, nikaona yafaa niwaeleze wasomaji habari zake, kwa maana jambo kama lile lilimpata yeye mbele ya watu wenye uwezo wa kumkata kichwa.

Paine alizaliwa Thetford, Uingereza, mwaka 1737. Baba yake alikuwa mtu wa dhehebu la Marafiki, na kazi yake ilikuwa kushona mavazi ya wanawake ya kukaza kiuno. Kijana aliacha shule akiwa na umri wa miaka 13 hivi ili ajifunze kazi hiyo. Baadaye akawa mtoza ushuru wa serikali, akafukuzwa kazini mara mbili. Mwaka 1774 alivuka bahari kwenda Philadelphia, akiwa na barua za kumtambulisha alizopewa na Benjamin Franklin.

Wakati huo makoloni ya Amerika yalikuwa yakigombana na Uingereza, lakini watu wengi walikuwa bado wakiogopa kutamka neno uhuru. Januari 1776 Paine alitoa kijitabu, ambacho jina lake kwa Kiswahili ni kama kusema Akili ya Kawaida. Alieleza humo kwamba si haki mtu kutawala wengine kwa sababu tu amezaliwa katika nyumba ya mfalme, na kwamba makoloni yajitenge kabisa. Hakuandika kwa lugha ya wanasheria, bali kwa maneno ambayo seremala na mkulima waliweza kuyafahamu. Julai mwaka ule ule makoloni 13 yalitangaza uhuru wao.

Mwaka 1791 na 1792 alitoa kitabu kingine, juu ya haki za binadamu, akiyatetea mapinduzi ya Ufaransa. Serikali ya Uingereza ilimshtaki, na Desemba 1792 mahakama ilimwona ana hatia, hali yeye mwenyewe yuko Ufaransa. Wafaransa walikuwa wamempa uraia na kumchagua katika bunge lao, ingawa lugha yao hakuijua vizuri.

Basi hapo ndipo mtihani wake ulipofika. Bunge lilikuwa likimhukumu Mfalme Louis wa 16, nalo likaona kwamba ana hatia. Watu walitazamia kwamba Paine, adui wa wafalme wote, angetaka auawe. Hakufanya hivyo. Alisema mfalme afungwe mpaka vita viishe, kisha afukuzwe nchini. Alikumbusha kwamba Louis ndiye aliyewasaidia Waamerika kupata uhuru, na kwamba Robespierre mwenyewe, mwaka 1791, alikuwa ametaka adhabu ya kifo ifutwe. Kwa Paine, kuuondoa ufalme lilikuwa jambo moja, na kumwua mtu aliyezaliwa ndani yake lilikuwa jambo jingine.

Waliotaka kifo walishinda. Tarehe 19 Januari 1793 Paine alisimama tena kuomba hukumu iahirishwe, na mwenzake akayasoma maneno yake kwa Kifaransa. Marat alimkatiza kwa kelele, akidai kwamba maoni ya mtu wa dhehebu la Marafiki, ambao hupinga kuua, yasihesabiwe. Siku mbili baadaye mfalme alikatwa kichwa. Mwisho wa mwaka huo Paine naye alitiwa gerezani, akakaa humo miezi kumi hivi, hata alipotolewa Novemba 1794 kwa juhudi za balozi wa Marekani, James Monroe.

Simsifu kama mtu asiye na dosari. Mwaka 1796 aliandika barua kali mno dhidi ya George Washington, na kitabu chake cha kushambulia mafundisho ya makanisa kiliwaudhi watu wengi. Aliporudi Marekani mwaka 1802, wengi walimkwepa. Alifariki New York tarehe 8 Juni 1809. Marafiki walikataa azikwe katika makaburi yao, na waliohudhuria maziko yake walikuwa wachache sana. Wahenga walisema kweli: msema kweli hana wajoli.

Sasa nirudi kwa mwanafunzi wetu. Kwa maoni yangu hoja yake ilikuwa na kasoro, nami ningependa kumwonyesha kasoro hiyo. Lakini jioni ile hakuna aliyemjibu, kwa kuwa kuzomea ni kazi nyepesi kuliko kujibu. Asiyeweza kumwambia rafiki yake kwamba amekosea, sijui atamfaa nini. Nimemwomba mwanafunzi huyo afungue mjadala wa kwanza wa muhula ujao, naye amekubali. Watakaompinga na waje, kila mmoja na hoja yake mkononi.