Jina la Baba Mgongoni

Watoto wetu wanaozaliwa ugenini hawaishi kuulizwa: wewe mtu wa wapi? Yuko kijana mmoja aliyelijibu suali hilo mbele ya dunia nzima, na habari zake zafaa kusomwa majumbani mwetu.

Yussuf Yurary Poulsen alizaliwa Copenhagen, nchini Denmark, tarehe 15 Juni 1994. Mama yake ni Mdenmark na baba yake alikuwa Mtanzania, mfanyakazi wa melini. Baba alifariki kwa maradhi ya saratani mtoto akiwa na miaka sita tu. Malezi yote yakamwangukia mama, na hilo jina la Poulsen ni la upande wa mama.

Mpira alikulia nao katika klabu ya Lyngby. Mwaka 2013 akahamia Ujerumani, timu ya RB Leipzig, wakati huo ikicheza daraja la tatu. Akavumilia, akapanda nayo hatua kwa hatua hata ikafika daraja la kwanza mwaka 2016. Mvumilivu hula mbivu: mwaka 2022 na tena 2023 wakatwaa Kombe la Ujerumani. Mwaka 2025 akajiunga na Hamburg.

Katika timu ya taifa alichagua Denmark, akaanza kuichezea mwaka 2014. Hapana wa kumlaumu. Ndiko alikozaliwa na kulelewa, na sheria ya uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 haikumruhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili. Denmark nayo haikuruhusu mpaka mwaka 2015. Lakini uraia ni karatasi, nasaba ni damu. Katika Kombe la Dunia la mwaka 2018, kule Urusi, Denmark iliifunga Peru bao 1 kwa 0. Bao lile alilitia yeye dakika ya 59, na mgongoni mwa jezi yake hapakuandikwa Poulsen, paliandikwa Yurary.

Basi enyi wazazi, tusingoje watoto wawe mashuhuri. Watajieni majina ya babu na bibi zao, waambieni walitoka mji gani na walifanya kazi gani. Baba yule hakuishi kumwona mwanawe katika Kombe la Dunia, lakini jina alilomwachia lilisomwa na mamilioni. Mtoto hawezi kulibeba jina asilolijua.